Mwenye Kitalu cha Shela na Safari ya Kongamano

Shela, kisiwani Lamu, mtengeneza bustani hupambana na ardhi kabla hajapanda ua moja. Udongo ni mchanga, visima vya karibu na pwani huwa na maji ya chumvichumvi, na kusi ikivuma huirusha chumvi mpaka kwenye majani yaliyochipua jana. Lori la kumshushia samadi mlangoni halipo. Mzigo wa bara hupakiwa mashuani Mokowe, hushushwa gatini, kisha humalizia safari mgongoni mwa punda.

Mtu huyu akialikwa kwenye kongamano la watu wa kazi yake huko Nairobi, jambo la kwanza kumjia akilini ni nauli. Boti, basi la kupitia Garsen hadi Mombasa, usafiri mwingine wa kwenda juu, malazi, ada ya kuingilia. Na nyuma ameacha miche inayotaka maji asubuhi na jioni. Wengi huamua kubaki, na uamuzi huo unaeleweka. Lakini una hasara yake, kwa kuwa baadhi ya maradhi ya bustani za Lamu yameshapatiwa dawa na watu wa pwani hiihii.

Bamburi ni mfano. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji kaskazini mwa Mombasa. Palikuwa mwamba mtupu wa matumbawe, jua kali juu na maji ya chumvi chini. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizopona zilikuwa tatu tu: mnazi, mvinje, na damas, mti wa nchi ya Wasomali. Mvinje ulistawi, ila majani yake makavu yakawa yanarundikana bila kuoza. Haller akaleta majongoo wenye miguu myekundu. Wakayatafuna, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo mahali ambapo hapakuwa na udongo kabisa. Leo ndipo penye msitu wa Haller Park.

Habari kama hii inaweza kusomwa kitabuni. Ila mwenye kitalu ana maswali ambayo kitabu hakiyatarajii: shimo lichimbwe kina gani, mche ukae kivulini siku ngapi, majongoo watoke wapi. Hayo huulizwa ana kwa ana, na huulizwa vizuri zaidi wakati wa chai kuliko ukumbini.

Tarehe 28 na 29 Septemba 2023, Shirikisho la Kimataifa la Wasanifu wa Mandhari, lililoanzishwa mwaka 1948, lilifanya kongamano lake la dunia katika miji miwili kwa wakati mmoja, Stockholm na Nairobi. Kwa wasanifu wa Afrika Mashariki, mlango wa dunia ulifunguliwa nyumbani. Aliyekwenda kukusanya mikoba na vitambulisho alirudi na hivyo. Faida ni ya aliyekwenda na swali lake mkononi.

Kwamba mikusanyiko hubeba maarifa, Lamu wanalijua bila kufundishwa. Kila mwaka Maulidi ya msikiti wa Riyadha huleta wageni kutoka pwani yote. Wanakuja kwa ajili ya dua na kasida, lakini barazani na ndani ya mashua hupita pia habari za biashara, za mafundi, za mbegu.

Tena Lamu ina cha kutoa. Mji wake Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, na kiwanda, ule uwazi ulio ndani ya nyumba ya mawe, ni somo la kivuli na upepo kwa msanifu yeyote. Wanawake wake wanajua asumini, rehani na mkadi wa kutungia vikuba. Na zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya imo katika kaunti hii, mti unaoishi ndani ya chumvi ambayo wenye bustani wanaikimbia.

Kwa hiyo mkutano mmoja wa wenye vitalu wa pwani, kutoka Vanga hadi Kiwayu, ungefaa ufanyike Lamu kwenyewe. Machi ndio wakati mzuri: kaskazi inaisha, masika haijaanza, na mgeni atakayerudi kwake na vipando vilivyofungwa katika gunia bichi atawahi kuchimba mashimo kabla ya mvua.