Mali ya Sitara: Kile Ambacho Dalali Hawezi Kukichukua

Makala haya yananuia kufafanua jambo ambalo, kwa kawaida, halijadiliwi katika kurasa za wanafunzi wa fasihi. Nalo ni kwamba mtu anapofilisika, au anaposhindwa kesi ya deni, sheria haimruhusu mwia kumvua kila kitu. Kuna vitu ambavyo sheria imeviepusha na mnada. Wengi wa wakazi wa Kwale, kuanzia Diani hadi Msambweni na Vanga, hawalijui hilo, na kutojua huko kuna gharama yake.

Mwandishi wa makala haya aliishuhudia gharama hiyo akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza, likizoni Msambweni. Mama yangu mdogo alikuwa mshonaji. Alikuwa akichukua vitambaa kwa mkopo kutoka kwa mfanyabiashara mmoja, deni likalimbikizana, kesi ikaenda mahakamani naye hakuhudhuria. Siku moja dalali akafika na karatasi, akaorodhesha vitu vya nyumbani kimoja kimoja, akaondoka bila ya kuchukua chochote. Karatasi ilikuwa kwa Kiingereza. Niliitwa niisome, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba. Niliisoma yote, neno kwa neno, na nikaifasiri vizuri tu: kitanda kimoja, makochi, redio, cherehani moja. Sikujua kwamba hiyo cherehani haikustahili kuwa pale. Baada ya siku saba dalali alirudi na gari, akaibeba.

Tuanze na istilahi. Neno 'kufilisi' lina asili ya Kiarabu, na mufilisi ni yule ambaye madeni yake yameizidi mali yake. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, tumelitandaza neno hili mno. Mtu aliyekosa nauli husema amefilisika. Aliyenyang'anywa makochi na dalali husema amefilisiwa. Kisheria haya ni mambo mawili tofauti. Kukamatiwa mali ni hatua ya mwia mmoja aliyeshinda kesi na anayetaka hukumu yake itekelezwe. Kufilisika ni hali inayotangazwa kwa amri ya mahakama, ambapo mali ya mdeni hukusanywa chini ya mdhamini kwa niaba ya wawia wote. Mama yangu mdogo hakuwahi kuwa mufilisi machoni pa sheria. Alikamatiwa mali tu, kama ilivyo kwa wengi wa watu wa kwetu.

Katika kukamata mali, sheria inayohusika ni ile ya Mwenendo wa Kesi za Madai, Sura ya 21 ya Sheria za Kenya, kifungu cha 44. Kifungu hiki kwanza kinamruhusu mwia kukamata karibu kila mali ya mdeni, kisha kinageuka na kutaja visivyokamatika. Mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdeni, ya mkewe na ya wanawe. Zana ambazo mtu anazihitaji ili aifanye kazi yake. Kwa mkulima, mifugo yenye thamani ya shilingi 10,000 za kwanza, zana za kilimo na ufugaji za shilingi 5,000 za kwanza, na mazao ya shilingi 10,000 za kwanza. Theluthi mbili za mshahara wa mwajiriwa pia haziguswi, kwa hivyo mwalimu wa Kinondo anayedaiwa hukatwa theluthi moja, si zaidi. Viwango hivyo vya mkulima vimechakaa: shilingi 10,000 leo ni mbuzi mmoja au wawili. Zana za fundi hazikuwekewa kikomo cha thamani. Kipimo chake ni ulazima.

Hapo ndipo kwetu pwani kuna mengi ya kusema. Mvuvi wa Gazi au Shimoni ana ngalawa, nyavu, mishipi na madema. Mgema ana kotama na vibuyu vyake. Mshonaji ana cherehani, seremala ana randa na msumeno. Hizo zote ni zana, na mtu akinyang'anywa hana tena njia ya kulilipa hilo deni lenyewe. Wasomaji wa tamthilia watakumbuka Shylock katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Akishashindwa kesi, yeye mwenyewe haoni tofauti kubwa kati ya kupokonywa njia ya riziki na kuuawa. Ajabu ni kwamba hoja hiyo, ambayo ndiyo roho ya kifungu cha 44, anaitoa mwia na si mdeni.

Kuna kipengele kingine kinachomvutia mtu wa lugha. Pamoja na mavazi na vyombo, kifungu kinaepusha mapambo ambayo, kwa desturi ya dini, mwanamke hawezi kutenganishwa nayo. Maneno haya yalisafiri kutoka India, katika sheria ya mwaka 1908 iliyotungwa chini ya utawala wa Waingereza, ambako mwanamke wa Kihindu aliyeolewa huvaa mkufu wa ndoa. Yaliponakiliwa Kenya yaliletwa jinsi yalivyo. Sasa mwanamke Mdigo Mwislamu wa Ukunda afanyeje? Dini yake haimlazimishi kuvaa pambo lolote, hivyo pete na kidani chake havimo katika kinga hii. Kinga yake inatoka mlango mwingine. Mahari na dhahabu aliyopewa ni mali yake, si ya mumewe, na deni la mume hulipwa kwa mali ya mume. Dalali akiorodhesha mali ya mke kwa deni la mume, mke ana haki ya kuwasilisha pingamizi mahakamani kabla ya mnada. Kadhalika friji ya dada anayeishi hapo, na amana aliyowekewa mtu na jirani.

Tukija kwenye kufilisika kwenyewe, sheria ya sasa ni ile ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria kongwe ya enzi ya ukoloni. Mdeni anaweza kwenda mwenyewe Mahakama Kuu kuomba atangazwe mufilisi, na amri ikitolewa mali yake huhamia kwa mdhamini. Lakini hapa pia hatoki uchi. Anabaki na zana zinazohitajika kwa kazi yake, pamoja na mavazi na vyombo vya lazima kwa ajili yake na wanaomtegemea. Kwa kawaida, miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yake, hufunguliwa kutoka katika hali hiyo. Kwa wenye madeni madogo, yasiyozidi shilingi 400,000, na wasio na mali ya kuuzwa, sheria iliweka utaratibu mwepesi zaidi usiohitaji amri ya kufilisi. Sijamsikia mtu yeyote wa kijijini kwetu aliyeutumia.

Watu wa pwani si wageni wa fikra hii. Fiqhi ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo iliyoenea kwetu, inamtaka kadhi anayegawa mali ya mufilisi amwachie mavazi yanayomfaa na chakula chake na cha wategemezi wake kwa siku ya mgao. Nyumba yake, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo, huuzwa. Katika orodha ya kifungu cha 44 nyumba vilevile haimo, tofauti na jimbo la Texas nchini Marekani, ambako kinga ya makao ilitungiwa sheria tangu mwaka 1839. Ni vyema ikumbukwe pia kwamba Mahakama za Kadhi nchini Kenya zimewekewa mipaka na Katiba ya 2010: ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Kesi ya deni hazina mamlaka nayo, hata kama mwia na mwiwa wote wanaswali msikiti mmoja.

Swali la istilahi bado linanisumbua. Mali hii iliyoepushwa tuiite nini? 'Mali isiyokamatika' ni sahihi lakini ni kavu. Nimependekeza katika anwani 'mali ya sitara', kwa kuwa nguo, kitanda na sufuria ndivyo vinavyomsitiri mtu asiaibike mbele ya jirani. Mhadhiri mmoja aliponisikia alinipinga mara moja: kotama ya mgema haimsitiri mtu, inamlisha. Nakubali kwamba ana hoja. Hata hivyo, kwa matumizi ya kwetu, mtu mwenye kazi yake husemwa kuwa amejisitiri, na sioni kwa nini sheria isiazime neno hilo.

Kinga yote hii ina tundu kubwa, na ni lazima litajwe. Inamzuia mwia anayetekeleza hukumu ya deni la kawaida. Haimzuii yule ambaye ulimwekea kitu chenyewe rehani. Mikopo mingi ya vikundi na ile ya pikipiki hutolewa kwa fomu inayoorodhesha mali ya mkopaji kuwa dhamana, na tangu sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, dhamana hizo husajiliwa rasmi. Mwenye kuiandika cherehani yake katika fomu hiyo amejivua kinga kwa mkono wake, na fomu nyingi nilizoziona ziko kwa Kiingereza.

Mama yangu mdogo hakuwa ameweka rehani chochote. Deni lake lilikuwa la kawaida kabisa. Kanuni za madalali za mwaka 1997 zilimpa zile siku saba baada ya mali kuorodheshwa, na katika siku hizo angeweza kwenda kwenye mahakama iliyotoa hukumu, kueleza kwamba cherehani ni zana ya kazi yake, na kuomba iondolewe katika orodha. Angeweza pia kuomba kulipa kwa mafungu. Siku zile saba sisi tulizitumia kuwatafuta jamaa wa kuchanga pesa. Makochi yangeweza kwenda, na redio pia. Kitanda dalali alikiacha mwenyewe siku ya pili, bila ya kuulizwa, na sufuria hakuzigusa. Nadhani kifungu cha 44 alikijua.