Ukubwa wa Risasi ya Gobore

Risasi ya duara ya gobore hutakiwa iwe nyembamba kuliko tundu la mtutu. Swali gumu ni iwe nyembamba kwa kiasi gani, na jibu hutegemea kazi ya bunduki yenyewe.

Gumegume ya jeshi la Uingereza iitwayo Brown Bess ilikuwa na tundu la karibu milimita 19, ilhali risasi yake ilikuwa na kipenyo cha takriban milimita 17.5 na uzito wa gramu 32 hivi. Pengo hilo liliachwa makusudi. Baruti nyeusi huacha masizi mazito, na tundu huzidi kubana kila bunduki inapofyatuliwa. Katikati ya mapigano askari hakuwa na nafasi ya kusafisha mtutu. Alihitaji risasi itakayoteremka upesi hata baada ya kufyatua mara nyingi. Karatasi iliyofunga baruti na risasi ilishindiliwa pamoja nayo, ikaziba sehemu ya pengo.

Shabaha ndiyo iliyoumia. Gesi ya baruti ilivuja pembeni, na risasi ikagongagonga kuta za mtutu hadi mdomoni, ambapo mgongano wa mwisho uliipa mwelekeo usiotabirika. Ndiyo maana majeshi ya zama hizo yalifyatua kwa safu, bega kwa bega: wingi wa risasi ulifidia udhaifu wa kila moja.

Mlenga shabaha wa leo hana haraka hiyo, na hapana sababu ya kuiga kipimo cha vitani. Hufunika risasi kwa kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, kinachoziba pengo pande zote. Tundu la milimita 19 na kitambaa chenye unene wa milimita 0.4 huelekeza kwenye risasi ya milimita 18.2. Lakini mitutu ya zamani hutofautiana hata ikiwa ya aina moja, kwa hiyo tundu lipimwe kwa kalipa kabla ya kununua kalibu ya kusubia risasi. Madini yawe risasi tupu, laini. Ikichanganywa na bati huwa ngumu na nyepesi.

Risasi iliyobana kupita kiasi ni hatari. Ikikwama njiani, hewa hubaki kati yake na baruti, na mtutu waweza kupasuka. Mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, huwekewa alama inayoonyesha kina sahihi. Alama isipofika mdomoni, bunduki haifyatuliwi, na kipimo kinachofuata huwa kidogo zaidi.