Maua na Wajumbe Wao

Ua, kwa kuwa limefungwa na shina, na shina nalo limefungwa na mizizi, haliwezi kwenda kumposa mwenziwe. Halina budi kutafuta mjumbe wa kuichukua chavua, yaani ule unga wa kiume, na kuifikisha kwenye ua jingine. Na mwenye kulitazama ua kwa makini, akazingatia umbo lake, harufu yake na saa ya kufunguka kwake, aghalabu atamtambua mjumbe huyo hata kabla hajamwona.

Muhindi, ambao mjumbe wake ni upepo, hauna haja ya uzuri wala ya harufu: mbelewele zake humwaga unga mwingi mno, na kila unywele wa hindi changa huongoza kwenye punje moja tu, hata ukimenya hindi ukakuta mapengo, aghalabu ni kwamba nywele za mahali pale hazikufikiwa na unga.

Lakini mwenye kutaka kustaajabu na asimame chini ya mbuyu, msimu wa maua, wakati wa magharibi. Matumba yake, yaning'iniayo kwenye vikonyo virefu, hufunguka jua likichwa. Petali tano nyeupe hujikunja nyuma, pakabaki kishada cha mviringo chenye mamia ya nyuzi za chavua, na katikati yake ukatokeza uzi mmoja mrefu kuliko zote, ambao ndio njia ya kuliendea tunda. Weupe ule huonekana gizani, na ile harufu nzito ya uchachu, ambayo pua zetu haziisifu, ni mwaliko wa popo. Wala kuning'inia mbali na majani si kwa bahati: popo, mwenye mbawa pana, hupata kulikumbatia ua pasi na kunaswa na matawi, akanywa asali yake, akaondoka kifua na uso vimejaa unga, na maadamu mbuyu aghalabu hauzai kwa unga wake wenyewe, safari yake ya kutoka mti hadi mti ndiyo itupayo ubuyu. Wanaowaua popo kwa kuwadhania wachawi wanajinyima ubuyu wenyewe.

Illa kumtegemea mjumbe maalumu kuna hatari yake. Vanila, ambayo asili yake ni Meksiko na nchi jirani, ilipopelekwa kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi, ilistawi na kuchanua bali haikuzaa, kwani nyuki wa kwao hawakusafiri nayo, na ndani ya ua lake mna kiwambo chembamba kiitengacho chavua na mahali inapotakiwa kufika. Mwaka 1841 Edmond, mtoto mtumwa wa miaka 12, ambaye baadaye alipewa jina la Albius, alikiinua kiwambo kile kwa kijiti, akaisukuma chavua kwa kidole gumba. Wakulima wa Madagaska, Komoro, Uganda na Kagera hufanya vivyo hivyo hadi leo, ua baada ya ua, na hufanya asubuhi, kwa kuwa ua la vanila halidumu zaidi ya siku moja. Waliotajirika kwa vanila ni wengi; Albius mwenyewe alikufa maskini mwaka 1880.