Kalemie: Mzee anayepumzishwa kupita kiasi hupoteza nguvu za miguu

KALEMIE – Katika parseli nyingi za mji huu, mzee akikaribia miaka 70 watoto humkataza kazi. Ananyang'anywa bidoni ya maji, jembe linawekwa mbali, anapewa kiti barazani. Ni heshima, lakini ina hasara: msuli usiotumika hupungua, na anayekaa kutwa huishia kushindwa kuinuka bila kushikwa mkono.

Kalemie ina wazee wengi waliofanya kazi nzito: relini, bandarini, katika kiwanda cha nguo cha Filtisaf, au kuvuta nyavu ziwani. Nguvu za zamani hazibaki kama akiba. Misuli hupungua polepole tangu makamo, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2024, familia za kandokando zililazimika kuhama. Wakati kama huo, asiyeweza kutembea hungoja kubebwa.

Habari njema ni kwamba nguvu hurudi, hata uzeeni kabisa. Mwaka 1990, watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wazee 10 dhaifu wenye umri wa miaka kama 90, waliofanyishwa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu. Baada ya wiki 8, nguvu za miguu ya waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili waliacha kutembelea fimbo. Lakini walipoacha mazoezi kwa wiki 4, karibu theluthi moja ya nguvu zao ilipotea.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki, na mazoezi ya kusimama imara siku 3 au zaidi, ili kuepuka kuanguka.

Hakuna haja ya mashine. Kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani kinatosha: mzee ainuke na kukaa taratibu mara 8 hadi 10, apumzike, arudie. Kisha ashike ukuta na kusimama kwa vidole vya miguu. Kwa mikono, ainue chupa mbili za maji; zikiwa nyepesi, atafute nzito zaidi kidogo. Mtu awe karibu naye.

Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya juu au aliyevunjika mfupa aulize kwanza kituo cha afya. Akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache mara moja.

Chakula nacho kina kazi: msuli hujengwa na protini, iliyomo katika ndagala, mayai na maharage. Ugali na sombe bila kitoweo hicho havitoshi.

Basi bibi akitaka kufagia uwanja au kubeba bidoni ndogo, asinyang'anywe. Apewe anayoiweza.