Programu ya simu haijui kama umesikia

Baadhi ya ndugu zetu wa Pwani wanaofanya mtihani wa IELTS ili waende kusoma au kufanya kazi Uingereza hukwama penye kusikiliza. Maswali ni 40, na sauti huchezwa mara moja tu. Ikikupita, imekupita.

Tatizo hili nalijua. Kiswahili kina irabu tano, nazo twazitamka wazi. Kiingereza kina nyingi zaidi, na nyingine humezwa. "Ship" na "sheep" kwangu yalikuwa neno moja: ilitajwa meli, mimi nikaandika kondoo.

Siku hizi ziko programu za simu zinazomfuata mwanafunzi alivyo. Ukijibu sawa, sauti inayofuata huwa ya kasi zaidi. Ukikosea, hukurudishia lile lile lililokushinda. Mwalimu mwenye darasa la watu 50 hawezi kumfanyia hivyo kila mmoja.

Lakini programu haikuoni, yaona majibu tu. Mimi nilikuwa nikisikiliza huku nikisoma maandishi kwenye skrini. Ikanipandisha daraja baada ya daraja, nikajiona bingwa. Nilipoyazima maandishi, sikushika hata nusu. Ikabidi nianze tena chini.

Kwa hivyo sikiliza kwanza bila kusoma. Usilolisikia usilibahatishe, afadhali ukose, ili programu ijue pa kukurudisha. Ukishajibu ndipo ufungue maandishi, uone ni neno gani lililokupita. Na mazoezi yapakue mapema penye waifai, maana sauti hula bando.