Mwalimu wa kwaya, unarudi nyumbani saa ngapi?



Ulizo la kichwa hiki si langu. Ni la mabibi, na mara nyingine la mabwana, wa wale wanaofundisha kwaya, maigizo, ngoma, ushonaji na kusuka vikapo katika mitaa yetu, hapa Uvira kama vile kule Misisi na Kamituga. Wanaliuliza kwa sauti ndogo, maana kazi ile ni njema na hakuna anayependa kuonekana adui wa kazi njema. Lakini wanaliuliza.

Wewe unamjua mtu huyo, ao ni wewe mwenyewe. Asubuhi yuko shuleni mbele ya watoto, ao sokoni Mulongwe na mizigo yake, ao kwenye shimo la zahabu. Saa kumi anachukua gita. Jumatatu ni kwaya ya wakubwa, jumanne vijana, jumatano watoto, alhamisi maigizo, ijumaa kuna kilio na kwaya imeitwa, jumamosi arusi, jumapili ibada mbili. Hakuna anayemlipa. Akirudi, bugali imepoa na watoto wamelala. «Batoto bake banamujua kwa mikro tu», ndivyo majirani wanavyosema juu ya watu wa namna hiyo, na wanacheka. Bibi yake hacheki.

Sasa tuangalie kalasi yenyewe. Tuseme mwanzo walikuja vijana 40. Baada ya miezi miwili wamebaki 11, na kati ya hao 11 watatu wanasinzia. Mwalimu anaona dawa ni kuongeza siku za mazoezi. Anaongeza, wanabaki 7. Anakasirika, anasema vijana wa siku hizi hawana moyo.

Mimi naona shida ya nyumbani na shida ya kalasi ni shida moja. Mtu aliyechoka anafundisha kwa kelele na kwa mazoea: mstari mmoja mara ishirini, «rudieni tena, rudieni tena», na hakuna anayejua tunarudia mpaka wapi. Kalasi hiyo inamkausha mwalimu na inawakausha wanafunzi pamoja naye. Kuongeza siku ni kuongeza ukavu.

Hesabu ya mwezi

Anza na kalenda, si na nyimbo. Na kalenda ya kwetu ziwani haiko ukutani, iko juu mbinguni.

Mvuvi wa ndagala anafanya kazi usiku wa giza. Anawasha taa juu ya maji, samaki wanakuja kwenye mwangaza, wavu unawapandisha. Mwezi ukiwa mpevu, mwangaza wake unashinda taa. Ndagala wanatawanyika, na kwa siku kadhaa mitumbwi mingi inalala mchangani. Tangu Kalundu mpaka Makobola na Baraka, nyumba nyingi zinaishi kwa hesabu hiyo: wiki za giza baba hayuko usiku na mchana analala, wiki ya mwezi baba yuko. Hata mama anayenunua ndagala alfajiri na kuwaanika anafwata mwezi uleule.

Basi, mwalimu anayeweka mazoezi kila jioni ya mwaka mzima bila kuangalia juu, anashindana na ziwa. Kijana wa kuvuta wavu atakosa, na utamwita mvivu, kumbe alikuwa kazini usiku kucha. Weka kazi kubwa, ile inayohitaji watu wote, katika siku za mwezi mpevu. Wiki za giza ziwe za watoto wa shule na za mazoezi madogo. Toka mwezi mpevu mpaka mwingine ni siku 29 na nusu hivi. Miezi miwili ya namna hiyo inatosha kutayarisha mchezo mmoja ao nyimbo nne, kuzionyesha mbele ya watu, halafu kupumzika wiki mbili kamili. Kupumzika kabisa, gita imefungwa.

Kuna neno jipya pia. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa letu tangu tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa nane, kusudi samaki wapate kuzaa na kukua, kufwatana na mapatano ya inchi 4 zinazozunguka Tanganika. Miezi mitatu ya namna hiyo ni njaa kwa mvuvi, tusifichane. Lakini inaangukia kiangazi, wakati ambapo mvua imekwisha na kalasi inaweza kukaa chini ya mwembe bila kuogopa kulowana. Mikono isiyo na kazi ya wavu inaweza kujifunza cherehani ao useremala, na hapo kalasi ya sanaa inageuka mkate. Mwenye cherehani moja iliyolala nyumbani asingoje mradi wa wazungu.

Kwa wasomaji wa machimbo, mwezi wenu ni mvua. Mashimo yakijaa maji, watu hawashuki. Na wakishuka wakati usiofaa, munajua wote yaliyotokea Kamituga tarehe 11 mwezi wa tisa 2020, mvua ilipojaza shimo na vijana kwa makumi wakafia ndani. Siku za mvua kubwa vijana wanakaa bure, wanaingia kwenye kutanga na kwenye pombe. Mwalimu mwenye akili ana fasi yenye bati na ngoma tayari kwa siku hizo.

Saa ya maji

Neno la pili ni la mabinti. Walimu wengi wanalalamika kwamba wasichana wanaanza vizuri na kupotea. Uliza kwanza maji ya nyumba yao yanatoka wapi. Katika mitaa mingi ya Uvira robine inakaa kavu, na anayebeba bido ni binti, ziwani ao mtoni, halafu anarudi kupika. Ukiweka kalasi saa kumi na moja, umemwambia achague kati ya wimbo na mama yake. Ukiiweka saa tisa na kuimaliza saa kumi na moja, anakuja, anabeba maji, anafika nyumbani kabla ya giza. Siku hizi hakuna mzazi mwenye akili anayependa binti yake awe njiani usiku, na mzazi huyo ana haki.

Tena, mji wetu ni mrefu kama kamba, umebanwa kati ya milima na ziwa, barabara moja tu. Kijana wa Kavimvira kwenda mazoezi Kalundu kwa mguu ni safari ya kuchosha kabla hata hajafungua kinywa. Afazali vikundi viwili vidogo, kimoja kaskazini na kimoja kusini, vikutane mara moja kwa mwezi.

Mikono mitatu tofauti

Sasa tuingie ndani ya kalasi. Hapa napenda kukuambia habari ya mji wa madini wa inchi yetu wenyewe, kwa kuwa tunapenda mno kutafuta mifano mbali.

Mwaka 1946, Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, Mfaransa mmoja jina lake Pierre Romain-Desfossés alifungua fasi ya kuchora iliyoitwa Le Hangar. Hakuwaonyesha wanafunzi picha za Ulaya kusudi waziige. Aliwapa rangi na karatasi, akawaacha wachore yale waliyoyajua: samaki, ndege, nyoka, watu wawindaji. Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki kwa vitone na mistari midogo. Mwenze Kibwanga akajaza picha nzima kwa mistari mifupi, kama mtu anayesuka mkeka. Bela, aliyekuwa mtumishi wa mzungu huyo, akaacha burashi na kuchora kwa ncha za vidole. Kalasi moja, mwalimu mmoja, na leo mwenye macho anatofautisha kazi ya kila mmoja bila kusoma jina. Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954, lakini picha zile zimekaa katika majumba ya vitu vya kale mpaka Ulaya.

Simsifu mzungu huyo kupita kiasi. Ukoloni ulikuwa ukoloni. Lakini jambo moja alilolifanya wengi wetu hatuliwezi: alinyamaza. Jaribu wewe kukaa dakika kumi katika kalasi yako bila kusahihisha mtu. Ni kazi ngumu kuliko kuimba besi.

Mfano wa pili uko palepale Lubumbashi. Kundi la maigizo la Mufwankolo, lililojulikana sana kwa redio na televisheni, lilicheza kwa Kiswahili cha mjini, kile tunachosema sokoni. Mwaka 1986 mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Johannes Fabian, aliwafwata walipotayarisha mchezo juu ya mamlaka, na baadaye aliandika kitabu. Hawakuwa na maandiko ya kukariri. Walikaa, wakabishana juu ya maana ya methali moja, wakapatana nani ni sultani na nani ni mkorofi, halafu kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe wakicheza. Umeona faida yake? Asiyejua kusoma hayuko nyuma ya mwenye diploma. Mama wa miaka 50 anayeuza mihogo atacheza mama mkwe kuliko mwanafunzi yeyote wa humanités.

Fanya hivyo kwetu. Chukua jambo ambalo mtaa wako unalijua mwilini. Mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba kwa maelfu na kuua watu. Halafu ziwa lenyewe likapanda, na mwaka 2024 maji yakaingia katika nyumba za pwani. Kipindupindu tunakijua tangu zamani. Kalasi inayoanza na ulizo «usiku ule ulikuwa wapi, na ulishika nini mkononi?» haina anayesinzia. Ila uwe na hekima: mwingine atalia. Usimlazimishe kuendelea, na usigeuze machozi yake kuwa mchezo wa kufurahisha wageni. Huko Panzi, Bukavu, tangu mwaka 2015, wanawake walioumizwa vitani wanatunga nyimbo zao na kuzirekodi, lakini pamoja na mwanamuziki anakuwako mtu aliyefundishwa kusikiliza majeraha. Wewe ukiwa peke yako, kuwa na kiasi.

Na kila siku ya kalasi kitu kimoja kimalizike: ubeti mmoja, kitako cha kikapo, mfuko mmoja wa kitenge. Mtu anarudi mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza aliondoka na kitu.

Kijana aliyerudi kutoka machimboni

Huyu anakuja mwezi wa kumi na mbili na telefoni mpya na viatu vyekundu. Anakaa nyuma, anacheka. Wengi wanamfukuza. Mimi nasema mpe kazi. Anajua nyimbo za kuvuta mawe, anajua lugha ya shimo, anajua hofu ambayo wenzake hawaijui. Sitakudanganya kwamba gita itashinda zahabu. Kijana mwenye wadogo sita hawezi kula wimbo. Lakini nafasi yake iwe inamngoja kila akirudi, kusudi asiwe mgeni katika mtaa wake.

Nani atashika gita ukipumzika?

Siri ya mwisho ndiyo ya kwanza kusahauliwa. Katika Kutoka sura ya 31 Bezaleli na Oholiabu wanaitwa kwa majina yao kufanya kazi ya sanaa. Soma sura hiyohiyo mpaka mwisho uone amri inayofwata mara moja: ni ile ya Sabato. Na katika sura ya 35 tunaambiwa kwamba walipewa pia moyo wa kufundisha wengine. Basi mwalimu asiye na wasaidizi wawili hajamaliza kazi yake, hata kama kwaya yake inaimba kama malaika. Waache wasaidizi waongoze siku moja kwa wiki, na siku hiyo usipite karibu. Ukipita utaingia, tunajuana.

Wewe ubaki na siku mbili za kalasi, zisizidi. Kilio na arusi, komite igawanye zamu. Komite hiyo ilipe nyuzi za gita na nguo za mchezo, kwa sababu feza hizo zinatoka sasa katika mfuko wa chumvi ya nyumba yako, na bibi yako anajua hata kama hasemi. Kabla ya kupanga siku, mwulize yeye ni siku gani anakuhitaji. Wengi hawajawahi kuulizwa.

Mwezi utakapopevuka tena, shuka Kalundu jioni, uhesabu mitumbwi iliyolala mchangani. Wenyewe wako nyumbani. Kesho yake, saa tisa, fungua kalasi. Saa kumi na moja uifunge.