Kuazima Wimbo wa Mtu: Ruksa au Wizi?

Wiki hii nakuletea kasheshe la kijiweni kwetu. Mshikaji wangu mmoja, muuza mitumba, kadunduliza hela ya studio miezi mitatu mizima. Juzi kanivalisha hedifoni nisikilize kibao chake kipya. Biti linatikisa kweli! Tatizo ni lile gitaa. Nililijua papo hapo: ni la wimbo wa dansi wa zamani ambao baba yangu haachi kuupiga kila Jumapili.

"Sekunde kumi tu hizo," akajitetea. "Tena jina la mzee nitalitaja. Kuna noma gani?"

Noma ipo! Wengi wetu tunaamini kuwa ukichukua kipande kidogo, au ukitaja jina la mwenyewe, basi umesalimika. Hakuna sheria, ya hapa Tanzania wala ya Marekani, inayosema sekunde kumi ni za bure.

Marekani nimeitaja kwa sababu vijana wa rap wa huko walishaburuzana kortini kwa jambo hili hili. Mwaka 1989 kundi la 2 Live Crew liliomba ruhusa ya kuufanyia utani wimbo wa Roy Orbison wa mwaka 1964, Oh, Pretty Woman. Kampuni yenye wimbo, Acuff-Rose, ikakataa. Jamaa wakautoa hivyo hivyo! Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Machi 7, 1994 majaji wote wakakubaliana kuwa utani wa namna hiyo unaweza kuwa matumizi ya haki, hata kama unauzwa.

Kule wanapima kwa maswali manne. Umeichukua kazi ya mtu ili ufanye nini? Ni kazi ya aina gani? Umechukua kiasi gani? Na je, unamharibia mwenyewe soko? 2 Live Crew waliuchezea shere wimbo wenyewe kwa maneno yao mapya, na hiyo ndiyo ilikuwa pona yao. Hata hivyo kesi ilirudishwa mahakama ya chini, na mwishowe wakamalizana nje ya korti.

Mwenzao Biz Markie hakuwa na bahati. Alichukua kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, na mwaka 1991 jaji akapiga marufuku kuuzwa kwa kibao chake. Albamu yake ya mwaka 1993 akaiita All Samples Cleared!, yaani vipande vyote vimeombewa ruhusa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka!

Sasa turudi nyumbani. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakuruhusu kunukuu kazi ya mtu bila kumuomba, ila kiungwana: chukua kile tu kinachotosha shabaha yako, na utaje chanzo na jina la mtunzi. Anayechambua wimbo akanukuu mistari miwili ili aijadili, huyo ananukuu. Lakini kuchukua gitaa la mtu ili kibao chako kinoge, ni vigumu kuiita nukuu. Hapo kutaja jina ni adabu tu, si ruhusa.

Tena wimbo uliorekodiwa una haki mbili: ya aliyeutunga na ya mwenye rekodi. Inabidi uwaulize wote. Usipowajua, pa kuanzia ni COSOTA.

Mshikaji alipoyasikia hayo alininunia. "Hela yangu ya studio je?" Nikamwambia, na yule mzee aliyepiga lile gitaa, yake je?

Siku mbili hakunisemesha. Jana nikasikia anaulizia kijiweni nyumba ya mzee iko wapi. Anataka kumpelekea hedifoni na yeye asikilize.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa!